Bwana Utamaduni na Tanuri Lililopakwa Chokaa

Habari za msiba zilinifikia kwa simu, kutoka kwa mama muuza samaki wa soko la Sumbawanga ambaye miaka nenda miaka rudi amekuwa akinitumia migebuka mikavu ya Kasanga kwa basi. Alianza kwa kuniambia kwamba migebuka imepanda bei, akanieleza kwa kirefu kwa nini imepanda na nani wa kulaumiwa, akashusha pumzi, kisha akasema, "Halafu, kaka, yule Bwana Utamaduni wako amefariki. Tunamzika kesho." Nikasema, "Maskini!" Yeye akadhani nasikitikia bei, akaahidi kunipunguzia. Nawasimulia haya, wasomaji wangu, kwa sababu najua marehemu angelifurahia tangazo la namna hiyo. Alipenda sana migebuka, na katika maisha yake yote hakuwahi kusema jambo kubwa bila kulichanganya na dogo. Kwa desturi ya safu hii sitaji jina la mtu, awe hai au amekufa, na yeye wala halihitaji. Sumbawanga nzima ilimwita Bwana Utamaduni hata baada ya kustaafu, hata watoto waliozaliwa wakati utamaduni wenyewe umekwisha kuhamishiwa ofisi nyingine.

Alikuja kwetu kama ofisa utamaduni miaka ya Ujamaa, mkoa ukiwa bado mchanga, akitokea Mbeya, tena Mbeya ya kule chini kwenye migomba na mvua isiyojua kupumzika. Mimi nilikuwa karani kijana katika ofisi yake, mzaliwa wa Pito, na kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kumtafsiria Kifipa. Alishuka kwenye lori akatazama nchi yetu, nyasi mpaka mwisho wa macho na upepo unaoingia mpaka kwenye mifuko ya suruali, akaniuliza, "Ndugu yangu, hapa watu wanajificha wapi?" Nikamwambia hapa hatujifichi, tunavaa makoti. Akapanda mgomba nyuma ya ofisi siku ile ile. Mgomba ule aliupalilia, akaubembeleza, akaujengea ua wa matete kuukinga na upepo, na kwa miaka yote aliyokaa pale haukutoa hata ndizi moja. Alisema unajifunza lugha.

Ofisini alikuta meza moja, ngoma mbili zilizopasuka, na agizo kutoka juu kwamba kila wilaya ieleze ina vivutio gani vya kuonyesha wageni. Agizo hilo lilitushangaza sisi wenyeji. Maporomoko ya Kalambo tuliyajua kama mahali pabaya pa kupotezea mbuzi. Ziwa Rukwa tulilijua kwa mbu na mamba. Ngome ya Wajerumani kule Kasanga ilikuwa mahali pa kujikinga mvua wakati unasubiri boti na magunia yako ya mahindi, na mtu akikuuliza historia yake ulimwambia upande gani hapavuji. Sasa hapa anatokea mgeni mwenye makoti mawili anatuambia kwamba sisi ni matajiri, ila tumekalia utajiri wenyewe. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakapiga makofi ya salamu kama ilivyo desturi yetu, wakarudi kwenye ulezi wao.

Yeye aliamini. Na kwa kuwa aliamini, alizisifia sehemu nyingi kabla hajaziona, nyingine nadhani hakupata kuziona kabisa. Nakumbuka walipokuja wageni fulani kutoka Dar es Salaam, akawapeleka Kalambo, nami nikiwemo. Njia nzima alieleza jinsi maji yanavyoruka kutoka juu yakapotea kwenye ukungu, jinsi ng'ambo ya pili ilivyo Zambia, jinsi ndege wakubwa wanavyojenga viota kwenye mwamba. Tulipofika ukingoni ndipo ilipojulikana kwamba Bwana Utamaduni anaogopa kimo. Alikumbatia mti kwa mikono yote miwili, akayapa maporomoko mgongo, akafumba macho, akatoa hotuba yake yote akiwa hivyo, neno kwa neno, bila kuruka hata viota. Mgeni mmoja akamuuliza, "Bwana, mbona umefumba macho?" Akajibu, "Nayapa heshima yake." Wageni wale nao wakafumba macho, wakasimama hivyo muda mrefu, wakisikiliza ngurumo. Waliporudi Dar waliandika kwamba hawajapata kuona kitu kama kile. Kweli hawakukiona.

Mtaniuliza, watalii walikuja wangapi? Nitawajibu kwa haki: waliokuja walikuwa mapadre, mabwana shamba, na Mzungu mmoja wa baiskeli aliyekuwa amepotea. Wilaya yetu haikuishi kwa kutazamwa. Iliishi kwa mahindi, maharage na ulezi, kwa ng'ombe wa kulimia, kwa samaki waliopandishwa kutoka Kasanga na kuuzwa mpaka Chala. Zaidi ya yote iliishi kwa matuta. Nawafafanulia wale msiofika kwetu: udongo wa juu kule umechoka, na mbolea ya dukani wakati ule ilikuwa hadithi. Kwa hiyo masika yakiwa yanaelekea kwisha mkulima wa Kifipa huzigeuza nyasi na udongo wake, akazifukia ndani ya matuta makubwa ya duara, akaziacha zioze taratibu. Msimu unaofuata tuta husambazwa, na pale ndipo ulezi unapopata nguvu. Ukipita kwa mbali unaona kilima chote kimejaa vivimbe, kama mtu aliyeumwa na nyuki. Maana yake ni kwamba chakula cha mwaka kesho kimekwisha kulimwa mwaka huu, kimo ardhini, na hakibebeki. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililowakaba watu ninaotaka kuwaeleza habari zao.

Ikafika operesheni ya kuhamia vijijini. Sitaki kuigeuza safu hii kuwa mahakama. Shule na zahanati nyingi zilizojengwa barabarani zilisaidia watu, na mimi mwenyewe nina dada aliyejifungua salama kwa sababu hiyo. Lakini palikuwa na kijiji kimoja kidogo, kule juu kabla hujaanza kuteremka kuelekea ziwani, kilichopewa amri ya kuhamia barabara kuu mara moja, huku matuta yakiwa yamekwisha kufukiwa. Kuhama wakati ule kulikuwa kuacha ulezi wa mwaka mzima ardhini na kwenda kuanza na jembe tupu mahali ambapo nyasi hazijageuzwa. Wazee walishuka mpaka ofisini kwetu. Kwa nini kwa Bwana Utamaduni, sijui, nadhani ni kwa sababu ndiyo ofisi pekee iliyokuwa haina foleni. Mwenyekiti wao, mzee mwenye kikohozi, alipiga makofi yake ya salamu akasema, "Bwana, hatukatai kuhama. Tunaomba tule kwanza."

Bwana Utamaduni hakuwa na mamlaka ya kumzuia hata kuku kuhama. Alikaa akitazama ngoma zake mbovu, kisha akauliza kama huko kwao kuna kitu chochote cha zamani. Wakasema hakuna, labda lile tanuri. Kwa wale msiojua, mababu zetu waliyeyusha chuma. Walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu kwa mara mbili, wakayajaza mkaa na mawe ya chuma, wakapata majembe yaliyouzwa mbali. Wazee huyaita malungu. La kijiji kile lilikuwa zima kabisa, limesimama katikati ya migunda, yaani mashamba, na watoto walichezea humo. Bwana Utamaduni aliruka kutoka kwenye kiti. Kabla juma halijaisha alikuwa amemwendea mkubwa mmoja wa operesheni, akamshika masikio kwa habari za mababu na heshima ya Mwafrika aliyejitengenezea jembe lake kabla ya mkoloni, mpaka mkubwa yule akakubali kwenda kulitazama kwa macho yake. Kisha akawapelekea wanakijiji ujumbe: wageni wanakuja kuliona tanuri. Hakuongeza neno, akidhani hakuna la kuongeza.

Wasomaji wangu wa Ufipa wamekwisha kucheka. Kwa wengine nitaeleza. Kwetu mgeni hakaribishwi kwenye ukuta wenye nyufa. Padre akija, nyumba hukandikwa upya kwa udongo, hupakwa udongo mweupe juu na mwekundu chini, na uwanja hufagiwa mpaka kuku wanateleza. Basi tulipofika na landrova asubuhi ile, mkubwa wa operesheni mbele, sisi nyuma tumekumbatiana kwa baridi, tukaliona tanuri la mababu likimeta juani kutoka mbali. Lilikuwa jeupe pe, limezungushiwa mkanda mwekundu kwa chini, na kifuani limeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: KARIBUNI NDUGU. Yale mabaki ya chuma yanayolala chini ya matanuri tangu enzi walikuwa wameyaokota yote, wakayapanga mistari miwili ya kuelekea mlangoni, kila pande limepakwa chokaa yake, sawasawa na mawe ya mbele ya ofisi ya Chama. Kwaya ya kigango ilikuwa tayari imeanza kuimba.

Mkubwa alishuka, akalitazama tanuri, akamtazama Bwana Utamaduni, akalitazama tena.

"Hili ndilo la mababu?"

"Ndilo, Ndugu."

"Ndio mababu walioandika 'Karibuni Ndugu'?"

Bwana Utamaduni akafumba macho kama alivyofanya Kalambo. Mkubwa akapandisha sauti. Akasema ameona ujanja mwingi katika operesheni hii, ameona watu waliojifanya wagonjwa na watu waliojifanya wamekwisha kuhama, lakini watu waliojenga mnara mpya ili wasihame, hawa ndio wa kwanza. Kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine, besi wakiwa wa mwisho. Mimi nilitazama yale matuta yaliyozunguka kila upande, nikajua yamekwenda.

Ndipo bibi mmoja mfupi, mikono yake ingali myeupe mpaka viwikoni, alipopita katikati ya watu akasema kwa Kifipa, nami nikitafsiri kwa haraka: "Tumekandika sisi akina mama. Padre akija tunakandika. Askofu alipokuja tulikandika mpaka zizi. Leo Serikali inakuja kwetu mara ya kwanza, tuiache ione nyufa? Tungeonekana watu wa namna gani?" Mkubwa alitoa ufunguo wa gari mfukoni akaanza kuikwangua chokaa. Bibi akamchapa mkono. "Acha, wewe mtoto! Halijakauka hilo!" Sehemu hiyo niliitafsiri kwa kusema bibi anaomba uangalifu. Lakini ufunguo ulikuwa umekwisha kupita, na chini ya chokaa palionekana udongo ulioungua, mwekundu unaoelekea weusi, mgumu kama jiwe, ambao hakuna mtu anayeweza kuuchoma kwa siku chache. Mkubwa akaingiza kichwa ndani, akakaa humo kitambo, akatoka na masizi kwenye kofia.

"Haya," akasema. "Ni la zamani. Serikali italitunza. Tanuri libaki. Watu wahame."

Nimeishi muda mrefu na nimesikia hukumu nyingi, lakini ile sijaisahau. Mwenyekiti mwenye kikohozi alivua kofia, sijui kwa nini. Mama mmoja akakaa chini palepale juu ya tuta lake, na hakuna aliyemwambia ainuke. Hapo ndipo Bwana Utamaduni alipopata sauti yake. Aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Ndugu, na likibaki peke yake, nani atalilinda?"

"Abaki mlinzi mmoja."

"Vizuri sana. Naye atalala saa ngapi?"

"Basi wawili."

"Wawili, Ndugu, nashukuru. Ila adui wa tanuri si mwizi, adui wake ni ng'ombe. Ng'ombe hujikuna. Akijikuna hapa mara tatu, mababu wako chini. Itabidi wawepo watu wa kuzuia ng'ombe."

"Ng'ombe watatoka wapi, watu wakihama?"

"Wa walinzi, Ndugu. Mlinzi hawezi kulima bila ng'ombe."

Bwana Utamaduni hakumpa mkubwa nafasi ya kujibu. Akasema kuna mvua. Kama Ndugu alivyojionea, akina mama wa kijiji hiki wana utaalamu wa kukandika usiopatikana barabarani. Akasema kuna moto wa nyasi, na kinga ya moto iliyo bora kabisa ni shamba lililolimwa pande zote, kwa hiyo haya matuta unayoyaona ni uzio wa usalama, na uzio lazima uwe na wenyewe. Akasema wageni watataka kula, hivyo walime maharage. Watataka kuimbiwa, na kwaya Ndugu umeisikia. Watataka kuelezwa historia, na historia wanayo hawa wazee wanne. Wanaume wakaanza kujisogeza mbele mmoja mmoja, wake zao wakiwasukuma, na kila aliyefika alipewa kazi yake papo hapo: wewe mbuzi, wewe njia, wewe maji ya wageni. Mwisho akabaki mzee mmoja mkongwe, amejiegemeza kwenye fimbo yake, haoni vizuri wala hasikii vizuri.

"Na huyu?" akauliza mkubwa. "Huyu analinda nini?"

Bwana Utamaduni akamtazama mzee kutoka juu mpaka chini. "Huyu, Ndugu, ni wa kupigwa picha."

Nikamtafsiria mzee masikioni, kwa sauti ya juu. Akafunga vifungo vya koti lake, akasimama wima. Watu waliangua kicheko, na nadhani kilikuwa kicheko cha hofu zaidi ya furaha, kwa sababu kilikatika ghafla mkubwa alipogeuka akaelekea kwenye gari. Bwana Utamaduni akamfuata, nami nikawafuata kwa kuwa nilishika mkoba wa ofisi. Mkubwa alisimama kwenye mlango wa landrova akiitazama migunda ile, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia habari za jirani, "Kwetu tulihamishwa mwaka jana. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimamia, ili isisemwe napendelea. Mama yangu sasa anapanda mchicha kwenye makopo, anasema udongo wa pale haumjui." Akafuta masizi kwenye kofia. "Kwetu hapakuwa na tanuri." Akapanda garini, akafunga mlango, akashusha kioo. "Ulinzi uendelee. Na wewe, ukisimulia haya popote, nitakuhamisha wewe."

Hakusimulia. Mimi nasimulia leo kwa kuwa wote wawili hawako tena wa kuhamisha wala kuhamishwa. Matuta yalisambazwa kwa wakati wake, ulezi ukaota, watu wakala. Kijiji kile kipo mpaka sasa, na barabara nayo, kwa ukaidi wake, ilikuja kukifuata huko huko baada ya miaka mingi. Mtalii hakuja. Alipokuja Mzungu wa baiskeli, ambaye nimemtaja, alipigwa picha yeye na mzee, akauliza njia ya Mbala kule Zambia, akaenda zake. Bwana Utamaduni aliandika kwenye ripoti kwamba wageni wameanza kumiminika. Nilimwuliza siku moja, tukiwa tumekaa na pombe ya ulezi mbele yetu, kama kweli aliamini kwamba ulimwengu ungekuja kutazama tanuri letu. Akaniambia, "Mimi siku ile niliogopa tu. Nilikuwa nahofia mkubwa akiniuliza kazi ya mtu mmoja nikakosa, huyo mmoja ataondoka kwa uzembe wangu." Ndiyo mara pekee niliyomwona machozi yakimlengalenga, akasingizia moshi, wakati hapakuwa na moto.

Nimemlilia mtu huyu kuliko nilivyotarajia. Nimefanya kazi na maofisa wengi, wakali na wapole, na wengi wetu tulikuwa hodari sana wa kueleza kwa nini jambo la mtu haliwezekani. Ilikuwa ndiyo elimu tuliyopewa na tuliitumia mpaka mwisho. Siku hizi vijana wetu wanasomea utalii vyuoni, na nafurahi, wanajua kuongoza watu Kalambo wakiwa wamefumbua macho. Mwaka ukiisha huulizwa wamepata wageni wangapi. Yeye hakuwahi kuwa na jibu zuri la swali hilo, lakini asubuhi ile kwenye baridi alihesabu wenyeji, mmoja mmoja, na hakumruka hata yule asiyeona wala kusikia. Ninyi mlioko maofisini na mnaonisoma, siku mtakapopewa amri na watu wamesimama mbele yenu, hesabuni hivyo.